Ndiva Ilibomoka Nikiwa Juu ya Ukuta Wake

Ninyi vijana mliochaguliwa juzi kulinda ndiva, nimeambiwa mnasema kazi hiyo ni ya kukaa. Mnakaa juu ya ukuta, mnachezea simu, asubuhi mnazibua maji, jioni mnaziba, basi. Nawaandikia kwa sababu kuongea nanyi siwezi vizuri. Mnaongea haraka na mnacheka mkiwa mmegeuza nyuso, na mimi mtu asiyenitazama usoni simpati. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko wangu mtauvumilia.

Mimi ndiye Eliamani mnayeambiwa alilewa akaiacha ndiva ikabomoka. Sikulewa. Hilo nataka lijulikane nikiwa hai. Waliohusika nitawataja kwa majina, na mimi mwenyewe nitajitaja, msidhani nitajiruka.

Lakini kazi kwanza.

Mgeni mmoja wa mradi aliwahi kuniuliza ndiva ni nini. Nikamwambia ni bwawa la ukuta wa udongo ambalo babu zetu walilichimba mlimani. Maji ya mfereji yanalala humo, na kukicha tunayaachia yateremke mashambani kwa zamu. Akaandika, "bwawa dogo." Nikamwambia andika pia kwamba ukuta ule unaliwa. Unaliwa na kaa, unaliwa na fuko, unaliwa na maji yenyewe. Mlinzi ni mtu wa kujua unaliwa wapi kabla haujaisha. Hilo hakuliandika.

Aliyenifundisha ni Mzee Mcharo, marehemu sasa. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya mpira vipya. Akaniambia vua. Nikavua. Akachukua kitambaa cha kichwani cha mkewe akanifunga macho, akanisukuma kidogo. "Tembea juu ya ukuta mpaka mwisho. Ukifika niambie maji yanavuja wapi."

Nilitembea hatua kama kumi na tano, nikatumbukia. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Haya, yanavuja wapi?"

"Sijui mzee, nimelowa."

"Nimekuuliza yanavuja wapi, sijakuuliza umelowa. Panda tena."

Nilipanda siku hiyo mara sita. Mwisho nikayasikia. Maji yanayopita juu ya ukuta yanapiga kelele kama watoto, hayo hayana neno. Maji yanayopita kwenye majani pembeni yanasugua. Lakini yale yanayopita chini, ndani ya udongo, yananyonya. Ni sauti ya ndama akiwa kwenye chuchu, inaanza, inakatika, inaanza. Ukiisikia hiyo, acha kila kitu. Chomeka mtaimbo kwenye udongo, weka sikio kwenye kichwa cha chuma, sogea, chomeka tena, mpaka sauti ikujae kichwani. Hapo ndipo pa kuchimba.

Na jambo la pili alilonifundisha: tazama rangi. Maji yanayotoka chini ya ukuta yakiwa safi, ukuta unatoka jasho tu. Yakiwa machafu, ukuta uko njiani kuondoka. Usizibe kwa mawe, mawe yanaacha nafasi. Kanda udongo mwekundu na majani makavu ya mgomba, shindilia kwa mguu, shindilia tena. Saruji nitaisema baadaye, maana saruji ina mwenyewe.

Nililinda miaka mingi. Mtu alikuwa akiiba maji kwa kutoboa mfereji juu kule kwenye tangawizi, mimi niko kwangu nakunywa chai nilijua, maana mlio wa mfereji ulikonda. Wanawake walinitania. "Baba Upendo anasikia mpaka tunachowaza." Mke wangu Eliwaza anasema, "Angenisikia mimi ninapoomba aniletee kuni!" Tukacheka. Nyumba yangu ilikuwa na kelele wakati ule.

Ugonjwa ulianza kwa kitu cha kijinga. Makande. Nilikuwa nakula bakuli zima na kuongeza. Nikawa nakula vijiko viwili nimeshiba, upande wa kushoto chini ya mbavu pamekuwa pagumu kama nimemeza jiwe la kusagia. Shati likanilegea mabegani. Nikilala naamka nguo zimelowa jasho.

Nikaenda kwa Zakayo. Huyu namtaja wa kwanza. Zakayo anauza dawa pale gulioni, karibu na wanaouza perege wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, mnamjua. Hakunipima hata kidole. Alinitazama macho akasema, "Malaria sugu hiyo kaka, bandama limevimba." Akanipa vidonge. Sikupona, akanipa vingine. Sikupona, akanichoma kwinini. Masikio yakaanza kulia, mlio wa nyenje mchana kutwa. Nikarudi kumwambia.

"Kwinini hiyo," akasema. "Kila mtu inamlilia. Itapita."

Ilipita na masikio yangu. Asubuhi moja niliamka nikajiuliza nani amechinja majogoo wote wa kijiji. Nikapiga makofi, sikuyasikia. Sikio la kushoto lilikufa kabisa siku hiyo. La kulia lilibaki na kitu kidogo, kama mtu anaongea ndani ya pipa, na baada ya siku nne nalo likafunga.

Na hapa najitaja mimi. Sikumwambia mtu. Mlinzi wa ndiva asiyesikia ni kitu gani? Ni kama mpishi asiye na ulimi. Nilijua kamati itanitoa, na mwenyekiti wa kamati ni mdogo wangu wa tumbo moja, Yona, aliyeitaka kazi hiyo tangu Mzee Mcharo aliponipa mimi badala yake. Nikasema moyoni, kwinini itatoka mwilini, nitasikia tena, nivumilie tu wiki mbili.

Nikajitungia njia. Mtu akiongea nami natazama midomo, natingisha kichwa, na akimaliza nasema, "Ndiyo, tutaangalia." Jaribuni, mtaona. Mtu akikuomba zamu, ndiyo, tutaangalia. Akikuambia mbuzi wa fulani wameshuka mferejini, ndiyo, tutaangalia. Akikusalimia tu atashangaa kidogo, ataondoka zake. Nilijiona mjanja.

Eliwaza alikuwa na tabia ya kuongea akiwa amenipa mgongo, anapika huku anasimulia. Mimi nyuma yake kimya. Siku ya tano akageuka, sura imekunjamana, akasema maneno. Siku ya nane hakuongea. Siku ya kumi alisimama mlangoni na mzigo kichwani, akasema kitu kirefu, midomo inatetemeka, nikashindwa kuisoma. Nikamjibu.

"Ndiyo, tutaangalia."

Akashuka tambarare, kijiji cha Bendera, kwenye shamba letu la mahindi. Nikadhani anakwenda kufukuza nyani wiki moja, kama kila msimu. Baadaye sana binti yetu Upendo ndiye aliyeniandikia kwenye simu mama yake alichosema: "Baba Upendo, siku zote hizi umeninunia, hunijibu. Kama umenichoka sema niende nisirudi." Na mimi, mbele ya mlango wangu, nikasema ndiyo, tutaangalia.

Siku mbili baada ya hapo alikuja Bi Nakiete. Shamba lake liko chini ya ukuta, maharage na tangawizi, na banda lake la kuku. Alinikuta mchana kweupe, pindo la kanga limelowa tope, ananyoosha mkono chini kule shambani kwake. Nikadhani anadai zamu, maana yeye kwa kudai zamu hajambo. Nikatingisha kichwa. Mnajua nilichomjibu.

Alikuwa ameniambia, "Maji yanatoka chini ya ukuta, machafu kama uji wa ulezi."

Yale yale ya Mzee Mcharo. Mtu aliniletea mkononi, mimi nikayaacha yakaanguka.

Kesho yake asubuhi ndiva ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Nilisimama juu ya ukuta peku, nainama kuchomoa kizibo. Miguu ikanitetemeka. Lakini nilikuwa na homa vijana wangu, kila asubuhi nilikuwa natetemeka, nikasema ni mwili wangu. Ulikuwa ukuta. Ndama alikuwa ananyonya chini ya nyayo zangu kwa nguvu zake zote na mimi nasubiri homa ipite.

Kule chini nikaona watu wametoka mashambani, wanapunga mikono, midomo wazi. Nikawapungia. Naapa kwa Mungu, nikawapungia kama mchungaji anayeaga usharika. Ndipo nikaona Bi Nakiete ametupa jembe anakimbilia juu upande wa mawe, nikageuka, na hatua tatu nyuma yangu ukuta haukuwepo tena.

Hakufa mtu. Bi Nakiete alipoteza maharage, tangawizi, banda na kuku, na udongo wenyewe, mpaka leo mawe yanaonekana. Watu wa chini walikaa msimu mzima bila maji ya zamu.

Kikao kilifanyika kwenye benchi za nje ya ofisi ya kijiji. Nilikaa mbele, peke yangu kwenye benchi la watu sita. Yona akasimama na daftari. Mwanzoni nilikuwa nashika neno mojamoja mdomoni mwake. Ndipo akaliinua lile daftari, kama mtu asiyeona vizuri, likamfunika mdomo. Nikaona macho yake tu, yananitazama juu ya karatasi. Halafu watu wote wakanigeukia, nikajua nimeulizwa.

Nikasema, "Ndiyo, tutaangalia."

Midomo ikafunguka, vichwa vikarudi nyuma, wengine wakajipiga mapaja. Walikuwa wanacheka. Na mimi nikacheka nao, nisionekane tofauti.

Swali lilikuwa: "Kaka, siku ile ulikuwa umelewa?"

Bi Nakiete ndiye aliyenieleza baadaye, mimi nikiwa nimerudi kutoka hospitali, akiongea polepole mbele ya uso wangu. Akaniambia na la pili, ambalo ndilo linaloniamsha usiku: Yona alikuwa anajua. Wiki moja kabla ya ndiva kubomoka alimwambia yeye Bi Nakiete, "Kaka yangu siku hizi hasikii, nimempigia makofi mgongoni kanisani hakugeuka." Nikamwuliza mama yule, na wewe mbona hukusema kikaoni? Akatazama chini. Alisema, "Nilikuwa na hasira ya shamba langu, baba." Huyo nimemsamehe, maana amesema kwa mdomo wake.

Walinihukumu kubeba mawe kwenye msaragambo wa kujenga upya. Si vibaya, msaragambo ni kazi ya kijiji kizima. Ila wengine walibeba wakiimba na mimi nilibeba nikiwa nyuma. Siku ya tatu damu ikanitoka puani, haikomi, nikakaa chini. Niliona viatu tu vya watu wamenizunguka. Wakanipakia juu ya magunia ya tangawizi kwenye gari linaloshuka Same. Nilitazama milima inarudi nyuma bila mlio wa injini, kama picha.

Hospitali ya Same walinitoa damu, wakaitazama, wakaitana, wakaitazama tena. Wakanipeleka hospitali kubwa zaidi siku hiyo hiyo. Huko ndiko nilikomkuta daktari mmoja msichana, umri wa Upendo wangu. Aliongea nami, nikamjibu vile ninavyojibu. Akanitazama. Akazunguka nyuma ya kitanda, akakaa huko kidogo, akarudi mbele, akachana boksi la glavu akaandika kwa herufi kubwa: BABA, HUSIKII TANGU LINI?

Nikasema, "Nasikia."

Akaandika: NIMEKUULIZA JINA LA MKEO MARA TATU.

Nililia. Mtu mzima, mbele ya wodi nzima. Wiki zote zile hakuna aliyeniuliza kitu nikakielewa.

Aliandika maboksi mawili. Nina saratani ya damu. Chembe nyeupe zimezaliana kupita kiasi mpaka damu imekuwa nzito, na ugonjwa umefika mbali. Lile jiwe tumboni ni bandama, nalo limejaa. Masikio je? Akachora kitu kama konokono. Akaandika kwamba ndani ya sikio mishipa ni myembamba kuliko nywele, na damu nzito imeziba. Akaweka kalamu chini akafikiri namna ya kunielewesha, nikamwambia usihangaike binti yangu, mimi ni mtu wa mifereji. Tope likizidi, mfereji mkubwa unaendelea kutiririka na kila mtu anaona sawa. Kinachoziba kwanza ni kile kijito cha mwisho, chembamba, kinachokwenda kwa mtu mmoja. Akachukua boksi akaandika: NDIYO HIVYO HASA.

Siku zilizofuata walikuja madaktari wengine na wanafunzi, wamejaa mpaka mlangoni. Nikamwuliza mbona wengi hivyo? Akaandika kwamba saratani ya damu kuingia sikioni mapema kiasi cha mtu kuwa kiziwi kabla hajagundulika ni nadra, wengi wao hawajawahi kuiona. Kijana mmoja aliinama akapiga kelele sikioni mwangu mpaka mate yakaniingia. Nikamwambia, "Ndiyo, tutaangalia." Yule binti akacheka peke yake, wengine hawakujua kwa nini.

Dawa ni vidonge. Kila siku, saa ile ile, siku zote za maisha. Ukiona umepona ukaacha, ugonjwa unarudi ulipokuwa. Sikio la kulia lilirudi nusu. La kushoto lilishakaa bila damu muda mrefu mno. Yule daktari aliandika, "Ungekuja siku ya kwanza," halafu akaifuta kwa kidole, lakini wino wa kalamu haufutiki, nikaisoma.

Eliwaza alikuja mara moja tu. Yeye kuandika hajui vizuri. Alikaa pembeni ya kitanda akaweka kiganja kwenye mguu wangu, hapo juu ya shuka, akakaa hivyo mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Halafu akarudi Bendera. Amezoea huko sasa, ana jirani wa kuongea naye. Simu hatuwezi kupigiana. Upendo ananiandikia, "Mama anakusalimu," namwandikia, "Msalimu." Nyumba yangu mnapita mnaiona. Jioni nakaa upande wa mlango ambao sikio la kulia linaelekea njiani, ila njia ile watu wengi hawapiti.

Sasa saruji. Yona alichukua ndiva, akaleta saruji akaupaka ukuta kwa ndani, mkapigwa picha. Nilimwandikia barua kwamba saruji inaficha, udongo nyuma yake utaliwa na hamtaona. Hakujibu. Msimu huu ndiva ikawa haijai, mkazunguka wiki nzima na majembe. Mkachimba mahali pabaya mara tatu.

Ndipo Yona akaja kwangu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Ndiva inavuja. Vijana wameshindwa."

Nilikwenda kwa ajili ya Bi Nakiete, maana amepanda tena. Mlikuwepo, mlinirekodi kwenye simu zenu. Nilivua viatu, nikachomeka mtaimbo, nikaushika kwa meno. Mlicheka, niliona. Lakini sasa nitawaambia nilikuwa nafanya nini. Sikio likikataa, meno yanapokea. Si sauti, ni mtetemo, unaingia kwenye taya. Nilichomeka, nikasogea, nikachomeka, na kwenye kona ya chini ya saruji mpya ya Yona nikampata ndama. Ananyonya, anaacha, ananyonya. Nikasema chimbeni hapa. Mlipofika goti, maji yalitoka machafu, na mkaacha kucheka. Mkakanda udongo na majani ya mgomba kama nilivyowaelekeza, mkashindilia, na kufika alasiri yaliyokuwa yakitoka yalikuwa safi.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaachia. Shikeni mtaimbo. Tazameni rangi ya maji. Na ukiamka siku moja mwili wako umefunga mlango mmoja, sikio au jicho au chochote, usiseme kwinini, usiseme wiki mbili. Mwambie mkeo siku hiyo hiyo. Simama kikaoni useme sisikii, na wakikutoa kazini, wakutoe.

Tulipomaliza, ninyi mlitangulia na majembe. Yona alibaki, akanifuata njia ya mferejini. Alikuwa kulia kwangu. Kabla ya njia panda nikamwona anapunguza mwendo, anapita nyuma yangu, anatokea kushoto. Kijiji kizima kinajua la kushoto limekufa. Akaanza kuongea. Aliongea kirefu, kichwa chini, mara mbili akajifuta uso kwa kofia.

Ningegeuza shingo tu, ningempata. Sikugeuza. Kama lilikuwa neno la kunirudishia jina langu, benchi za ofisi ya kijiji bado zipo, na watu ni wale wale, aje aliseme pale bila daftari mdomoni. Nilitazama maji mpaka akamaliza.

Akasimama ananisubiri.

Nikamwambia, "Ndiyo, tutaangalia," nikashika njia ya kwangu.